Chupa Niliyokwenda Nayo kwa Fundi

Mimi siwaamini mafundi wa magari. Sijisifu kwa hilo wala siombi radhi, ndivyo nilivyolelewa. Marehemu baba yangu alikuwa na gari moja tu pale Tanga, na kila lilipoharibika alikwenda nalo gereji pamoja na kigoda chake. Alikaa kando ya fundi tangu boneti linafunguliwa mpaka linafungwa. Vipuri alinunua mwenyewe, mafuta alinunua mwenyewe, na kilichobaki, hata kiwe cha kujaza kijiko, alirudi nacho nyumbani. Adhana ikilia alichomoa betri akaenda nayo msikitini, na fundi mmoja aliwahi kumuuliza kama na betri nayo inaswali. Baba hakucheka. Alisema gari ukimwachia fundi peke yake unarudishiwa bodi tupu.

Nilihamia Sydney na tabia hiyo hiyo, ila kigoda nilikiacha. Gereji kubwa za huku hazikutaki ndani. Unakalishwa kwenye kiti chenye mto, unapewa kahawa na gazeti, na gari lako linapitishwa mlango wa nyuma usiouona. Mimi ile kahawa ilinitia wasiwasi kuliko kitu chochote. Mtu hawezi kukukirimu namna ile kama hana la kukuficha.

Ndiyo maana nilimshika fundi wa Blacktown. Alikuwa mtu wa Mombasa, mtu mzima wa makamo, mpole, anayefanya kazi kwenye banda nyuma ya nyumba yake. Cheti chake cha ufundi cha Australia alikitundika ukutani ndani ya fremu, karibu na saa. Waswahili wote wa magharibi ya Sydney tulipeleka magari kwake, na wengine walitoka mpaka Bankstown. Sifa yake kubwa kwangu ilikuwa moja: aliniacha nisimame. Miaka minne nilisimama pembeni yake, mikono nyuma, nikihesabu nati. Yeye alikuwa akipiga stori za kwao huku anafanya kazi, wala hakuonekana kuudhika. Mimi nilidhani hajui kwa nini nasimama.

Kisha ugonjwa wa korona ukaja. Mwaka wa kwanza tulipona pona, lakini wa pili mji ulifungwa kwelikweli, hasa huku kwetu magharibi. Huruhusiwi kwenda mbali na nyumbani bila sababu, na barabarani polisi wanakagua vibali. Kazi yangu ya kupakia mizigo uwanja wa ndege ilisimama, kwa kuwa ndege zenyewe zilisimama. Mke wangu yeye hakusimama hata siku moja. Alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa huko juu milimani, ng'ambo ya Mto Nepean, na kibali chake cha kazi kilikaa kwenye dashibodi saa zote. Kila asubuhi alitoka kwetu Quakers Hill akapanda mlima, na kila alasiri akashuka ule mteremko mrefu wa barabara kuu unaoishia karibu na mto. Mimi nilibaki nyumbani, sina ninachopakia wala kupakua, nikawa namshuku kila mtu. Nilimshuku jirani kwa kukohoa. Nilimshuku mwenye duka kwa kuficha mchele.

Katikati ya hayo breki za mbele zikaanza kulia. Pedi zilikuwa zimekwisha. Nilizinunua mpya mwenyewe, nikampigia fundi kumwambia nakuja.

"Karibu ndugu yangu," akasema, "lakini siku hizi mwenye gari haingii. Waacha funguo mezani pale getini, wasubiri nje. Mamangu mkwe yuko ndani, mgonjwa wa mapafu. Siwezi kubahatisha."

Mtu mwingine angemwombea mgonjwa dua. Mimi nilichosikia ni kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu gari langu litafunguliwa nisipokuwepo.

Nikajiandaa. Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikatia alama kila kitu: betri, tairi la akiba, plagi, hata kifuniko cha rejeta. Zile pedi mpya nilizipaka nukta nyekundu mgongoni, kwenye bati, moja moja. Kisha nikakumbuka mafuta ya breki. Fundi alikuwa amesema ni vizuri kuyabadilisha yote, kwa sababu ya ndani yamezeeka. Nilikuwa na chupa yangu ya lita moja, imepungua kidogo tu. Nilikuwa nimeinunua miaka mitatu nyuma, nikaongezea gari kidogo siku moja, na tangu hapo ilikaa kwenye rafu ya chumba cha kufulia, juu ya mashine, pale ambapo mvuke wa bafuni hupita na kuta hutoka jasho. Kifuniko kilikuwa na ufa. Nikaifuta vumbi nikaiweka kwenye boksi pamoja na pedi.

Getini fundi alitoka na barakoa yake, akasimama mbali, akaitazama chupa juu ya meza.

"Hii uliifungua lini?"

"Jana," nikasema. "Nilitaka kuhakikisha si bandia."

Haukuwa ukweli, lakini niliuona ni uongo mdogo wa kujilinda. Nilijua mchezo unavyokwenda: nikisema ni ya zamani ataniambia haifai, atoe ya kwake, na ya kwake nani anajua ametoa wapi. Fundi akaitazama tena, akanitazama mimi. Nadhani aliona aibu kumwita mtu mzima mwongo getini kwake. Akaichukua.

"Na itakayobaki unirudishie," nikamwambia.

"Nitakurudishia," akasema.

Nilikaa ng'ambo ya barabara kwenye ukingo wa njia, saa mbili nzima, nikiangalia mlango wa banda uliofunguliwa nusu. Niliona miguu yake na mwanga wa taa, basi. Alipomaliza alinirudishia ufunguo, boksi tupu la pedi na chupa ikiwa na mafuta kiasi cha vidole vitatu. Nilizunguka gari nikakagua alama zangu zote nilizoweza kuziona. Zilikuwepo. Hilo halikunituliza hata kidogo, maana mwizi mjanja haibi unachokiona.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa shwari. Wiki ya pili mke wangu akarudi kazini, akavua viatu mlangoni, akasema kuna harufu.

"Harufu gani?"

"Kama kitu kinaungua. Nikishuka ule mlima. Na breki nikiikanyaga pale chini inaingia ndani zaidi."

Nilichukua ufunguo nikazunguka mtaa wetu wote wa Quakers Hill, kupita stesheni na kurudi. Breki zilishika vizuri mno. Pedali ilikuwa ngumu, gari lilisimama pale pale nilipotaka. Nikarudi nikamwambia mke wangu breki hazina kitu, huenda ni namna anavyoendesha.

"Namna gani?"

"Labda unakanyaga breki njia nzima. Mlimani watu hushusha gia."

Alikuwa ametoka kuwabeba wazee siku nzima, amevaa barakoa mpaka pua imechubuka. Akaenda kuoga. Kesho yake alishusha gia, na harufu ikapungua, lakini haikuisha. Keshokutwa pedali ikazama tena.

Hapo ndipo nilipoacha kumshuku mke wangu nikaanza kumshuku fundi. Siku ya mapumziko ya mke wangu nilipandisha gari jeki, nikafungua tairi la mbele, nikachomoa pedi moja. Niligeuza mgongo wake kutafuta nukta yangu nyekundu, na sikuiona. Nikachomoa ya pili, nayo haina. Palikuwa na weusi weusi na doa la kahawia lililokauka, lakini nukta nyekundu hakuna. Nikafungua upande wa pili, hali ile ile.

Nitasema kweli: nilifurahi. Moyo ulinienda mbio kwa furaha, kama mtu aliyeshinda kesi. Miaka minne nimesimama kama askari, na siku ya kwanza tu niliyogeuza kisogo, amenibadilishia pedi. Amechukua mpya zangu akampa mteja mwingine, mimi akanitilia za hovyo zinazoungua. Kila kitu kiliingiana: harufu, pedali, lile geti, hata yule mama mkwe mgonjwa, ambaye sasa nilianza kuwa na mashaka kama yupo.

Sikumpigia fundi. Nilirudisha pedi mahali pake, nikakaa jikoni, nikafungua kundi letu la simu, lile la Waswahili wa huku magharibi. Nikarekodi sauti. Sikumtaja jina, nilikuwa mwerevu. Nilisema, "Ndugu zangu, katika kipindi hiki kigumu tuwe macho. Kuna fundi Blacktown anayefungia watu nje ya geti, akabaki na magari yao anayafanya atakavyo. Mimi ameniibia pedi za breki na ushahidi ninao." Fundi wa Kiswahili Blacktown ni mmoja. Hata mtoto angemjua.

Majibu yalimiminika mpaka simu ikapata moto. Mkenya mmoja aliandika kwamba hata yeye alikuwa na doubt, gari lake linakunywa petroli sana. Mama mmoja wa Kirundi alisema alikuwa na miadi Jumatatu, lakini sasa ataiacha. Wengine wawili wakasema hivyo hivyo. Nilisoma kila ujumbe mara mbili. Mke wangu aliposikia alisema, "Ungemuuliza kwanza," nami nikamwambia mwizi haulizwi.

Fundi alinipigia Jumatano. Hakugomba, na hilo nalo nililiona ni ujanja.

"Ndugu yangu, nimesikia. Tuyaache hayo kwanza. Niambie gari lafanya nini."

"Unajua linafanya nini. Linanuka, na breki zinazama mlimani."

Akauliza, "Zazama, au ngumu ila gari halisimami?"

"Tofauti iko wapi?"

"Iko kubwa. Nisikilize. Mwambie shemeji asilipeleke mlimani gari hilo. Wallahi asilipeleke. Nileteeni leo niliangalie, bure."

Nikamwambia nitafikiria, nikakata. Nilifikiria dakika moja. Anataka gari lirudi mikononi mwake ili arudishe pedi zangu kimya kimya, kisha aniite mzushi mbele ya watu. Pedi nyingine nilikuwa nimeshaziagiza, zinafika Jumamosi, nitazifunga mwenyewe. Siku mbili tatu gari haliwezi kufa. Mke wangu alipouliza nani amepiga, nilisema ni yule fundi, anababaisha. Lile la mlima sikumwambia. Sikusahau. Sikumwambia kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba kila neno la mtu yule ni la uongo.

Ijumaa alasiri simu yangu ililia. Alikuwa mke wangu. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Niko kwa fundi," akasema. "Gari limevutwa mpaka hapa. Njoo."

"Umepata ajali?"

"Njoo."

Nilivaa viatu, kisha, Mungu anisamehe, nilirudi ndani kuchukua mfuko wa ushahidi. Nilikuwa nimeuandaa tayari: boksi la pedi, risiti, na chupa yangu ya mafuta na vile vidole vitatu vyake. Nilipanda treni ya kwenda Blacktown nikiwa karibu peke yangu behewa zima, nikiukumbatia mfuko, nikipanga maneno. Nilipofika getini nilimkuta mke wangu amekaa kwenye ile meza ya funguo, na sare yake ya kazi, mikono mapajani. Hakuwa na jeraha. Nilipotaka kumshika alisogea kidogo.

Akatuambia, mimi na fundi, kila mtu amesimama mbali na mwenzake. Alikuwa anashuka mlima, magari ni mengi, yanakwenda na kusimama. Chini kabisa polisi walikuwa wameweka koni wanakagua vibali, na foleni imesimama. Akakanyaga breki, ikaingia mpaka sakafuni. Akakanyaga tena, ikaingia tena. Alishusha gia mpaka ya kwanza, akavuta handbreki kwa mikono miwili, akalitoa gari pembeni, akagonga koni mbili na ya tatu ikaburutwa chini. Gari lilisimama hatua tano au sita kutoka kwa polisi mmoja aliyekuwa ameshika karatasi.

"Akaja dirishani," mke wangu akasema, "ananiuliza kama niko salama, *You right, love?* Nikamwonyesha kibali. Sikujua nifanye nini kingine. Nikamwonyesha kibali."

Nikafungua mdomo kumgeukia fundi. Hakuniacha nianze.

"Shemeji," akamwambia, "pedali ilikuwa ngumu ama ilizama?"

"Ilizama. Kama kukanyaga mkate. Na dereva wa gari la kuvuta alipoikanyaga baada ya nusu saa, ikawa ngumu tena."

"Aa," akasema fundi. Kisha akanigeukia. "Leo ingia. Simama hapa, hapa ulipozoea. Lakini usishike kitu."

Alifungua milango yote miwili ya banda upepo upite, akapandisha gari. Kwanza alizungusha tairi moja moja kwa mkono. Yote yalizunguka bila kukwama. Akasema kama breki moja ingekuwa imeng'ang'ania, tairi lake lisingezunguka hivi na lingekuwa la moto peke yake. Akafungua tairi la mbele, akatuonyesha diski: ilikuwa na mabaka ya buluu, alama ya chuma kilichopata moto sana. Akachomoa pedi na kuzishika mbele ya uso wangu.

"Hizi ndizo unazosema si zako."

"Nilizitia alama," nikasema. "Nukta nyekundu mgongoni. Iko wapi?"

"Alama ya nini?"

Nikababaika. "Rangi ya kucha."

Mke wangu aliinua kichwa. "Rangi yangu ya kucha?"

Fundi hakucheka. Alinyoosha mkono akaomba boksi, nami nikatoa boksi langu la ushahidi. Kwenye bati la pedi kulikuwa na namba zilizopigwa chapa. Akanisomea moja moja, nami nikizifuata kwenye boksi, na zote zilikuwa sawa. Kisha akang'oa kijibati chembamba kinachofunika ukingo wa pedi, akapulizia dawa ya kusafishia, akafuta kwa kitambaa. Chini ya kile kijibati, mahali ambapo moto haukufika vizuri, palibaki rangi nyekundu kiasi cha ukucha. Lile doa la kahawia lililobaki mgongoni lilikuwa nukta yangu, imeungua.

"Chuma hichi chapata moto wa kukaangia samaki," akasema. "Rangi ya kucha itabaki vipi?"

Bado nilikuwa natafuta mlango wa kutokea. Nikauliza kwa sauti ya mtu anayehoji, kama pedi ni zangu na breki hazijakwama, basi nini kilichozama.

Akaenda kwenye droo, akarudi na kifaa kidogo mfano wa kalamu, chenye taa tatu. Alifungua kikopo cha mafuta ya breki cha gari letu akachovya. Ikawaka nyekundu. Akaifuta. Akachukua kopo jipya la mafuta kutoka kwenye rafu, akakata lakiri mbele yetu, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akachovya. Ikawaka kijani.

"Nipe na chupa yako," akasema.

Nilikuwa nimeishika mwenyewe, nimeileta mwenyewe kwa treni. Nikampa. Akachovya, na taa nyekundu ikawaka hata kabla hajaishusha vizuri.

"Maji," akasema. Alizungumza na mke wangu, si na mimi. "Mafuta ya breki yanywa unyevu, shemeji. Yakikaa wazi yauvuta kutoka hewani, polepole, mwaka baada ya mwaka, wala huwezi kuona kwa macho. Ukiendesha mtaani breki hazipati moto, kila kitu chaenda sawa. Ukishuka mlima zapata moto, yale maji yachemka, yawa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke wabonyea. Hapo wakanyaga mvuke. Zikipoa, pedali yarudi." Kisha akanigeukia. "Soma hapo nyuma ya chupa. Soma kwa sauti."

Mimi ndiye mtu anayesoma maandishi madogo ya kila kitu, nasoma hata ya dawa ya mswaki. Nikasoma: *Use only from a sealed container.* Mke wangu akasema kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua Kiingereza, "Utumie ya chombo ambacho hakijafunguliwa."

"Nilimuuliza," fundi akasema. "Aliniambia kaifungua jana. Na mimi nina makosa, ningepima hapo hapo. Nilimwonea haya. Jumatano nilipoambiwa yazama, ndipo nikajua ni mafuta. Ndiyo nikasema usilipeleke gari mlimani."

Mke wangu akasema, "Ulimwambia nani?"

"Jamaa yako. Jumatano, kwenye simu."

Hakunigombeza. Ningependa kuandika kwamba alinigombeza. Alinitazama kwa muda, macho tu juu ya barakoa, na mimi ambaye najua kumsoma mtu anayenificha jambo, nilijiona nikisomwa. Nilitazama cheti cha fundi ukutani.

Fundi akasema kazi ya kutoa mafuta ya zamani inataka watu wawili, mmoja akanyage pedali na mwingine awe chini kwenye tairi na spana. Nikasogea. "Wewe simama," akasema. Akamwita mke wangu akae kwenye usukani. Alichukua kopo lile alilolikata lakiri mbele yetu, akaanza na tairi la nyuma lililo mbali zaidi na kikopo cha mafuta, akaunganisha mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa tupu.

"Kanyaga. Shikilia." Akafungua skrubu, mafuta ya rangi ya chai yakatoka na mapovu ndani yake. Akafunga. "Achia."

Ilichukua karibu saa nzima, magurudumu manne. Kanyaga, shikilia, achia. Nilisimama pale nilipozoea kusimama, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza sikuwa na cha kuhesabu. Mapovu yalipokwisha na mafuta yakatoka meupe, mke wangu alisema kutoka ndani ya gari, "Sasa iko juu." Fundi alifunga na pedi nyingine za kwake, kwa kuwa zile zilikwisha kukauka uso na kung'aa kwa moto, na akasugua diski. Kwenye dirisha la nyumba niliona bibi mmoja amekaa na mpira wa hewa puani, anatutazama. Nikajua huyo ndiye mama mkwe.

Usiku huo huo sikungoja kuambiwa kuhusu kundi. Nilirekodi sauti. Nilisema kulikuwa na kutoelewana, kwamba suala la fundi limekwisha vizuri na tusameheane. Mke wangu alikuwa anakunja nguo mezani.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mara hii nilisema pedi hazikuibwa, tatizo lilikuwa ni mafuta ya breki yaliyokuwa na unyevu.

"Mafuta ya nani?"

Nikarudia mara ya tatu. Nilisema mafuta ni yangu, yalikuwa wazi miaka mitatu, nikamdanganya fundi nimeyafungua jana. Nikasema alinionya nikaficha, na mke wangu nusura afe chini ya mlima. Nikasema fundi hana kosa na mimi ndiye wa kuogopwa. Nilipomaliza mke wangu aliendelea kukunja nguo, kwa hiyo nikabonyeza kutuma. Safari hii simu haikupata moto. Watu watatu waliweka alama ya dole gumba. Yule mama wa Kirundi alirudi kwa fundi baada ya wiki, lakini Mkenya wa petroli hakurudi. Anasema hana uhakika.

Tangu hapo mji umefunguliwa na mimi nimerudi kwenye mizigo yangu. Fundi bado anatutengenezea gari. Getini pameondolewa meza, na ananiambia karibu ndani kama zamani, lakini mimi hukaa nje. Yeye haulizi kwa nini.

Mke wangu bado anapanda mlima na gari lile lile. Asubuhi, kabla hajawasha, hukanyaga pedali mara tatu na kusikiliza mguu wake. Kisha hushusha kioo na kunitazama pale mlangoni nilipo.

"Umeligusa?" ananiuliza, kwa upole kabisa.

Namwambia sijaligusa. Anaitikia kwa kichwa, anapandisha kioo, halafu anakanyaga mara ya nne.